Barabara Inayopandisha Maji Bolojuy

Jumatano, 11 Juni

Kwa jina la Aliyelifanya jua kuwa taa na akatuachia sisi kazi ya kulitumia.

Leo adhuhuri maji yamepanda Bolojuy, mtaa wetu wa mlimani, bila dizeli na bila bega la mwanamke. Naandika haya mkono wangu ungali na unyevu wake.

Barabara yetu, kutoka daraja la mfereji hadi mlango wa msikiti, haina lami tena. Imetandikwa paneli za sola, kioo kinene chenye mikwaruzo kama ulimi wa ng'ombe, ili kwato na viatu visiteleze. Jua hupiga barabara, barabara huzaa umeme, umeme huzungusha pampu mferejini, na pampu husukuma maji hadi bomba la juu, mkabala na msikiti. Aliyeyapanga yote haya ni Mehrafzun, binti wa mwanangu, mhandisi. Katika karatasi za kampuni iliyoitandika jina lake ni la pili. Kwangu mimi ni la kwanza.

Marehemu mke wangu aliupanda mlima huu na ndoo zake maisha yake yote, hata mabega yakapinda. Laiti angekuwapo — si kwa kuchota. Kwa kutazama tu.

Haji Qurbonali alisimama kando, asikanyage. Yeye ni jirani na mshindani wangu tangu utotoni, enzi dini ilipokatazwa, tulipokuwa tukisomeshwa Kurani kwa siri, mapazia yameshushwa. Akasema, "Maalim, mjukuu wako ametutandikia vioo. Punda wangu atauona uso wake, agome kutembea."

Nikamjibu kwamba punda hana tatizo na uso wake. Mwenye punda ndiye wa kuangaliwa.

Watu walicheka. Naye alicheka, baadaye kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya hotuba Haji Qurbonali alinyanyuka mbele ya waumini wote na swali lake. Jua ni neema ya Mungu. Mkate ni neema, na mkate ukidondoka twauokota, twaubusu, twauweka juu ya ukuta. Vipi basi neema ya jua tuipitie kwa viatu?

Swali halikuwa la kipuuzi. Nilirekebisha kilemba kwanza. Kisha nikasema: mkate haukanyagwi kwa sababu kuukanyaga ni kuuharibu. Ardhi nayo ni neema, nasi twaikanyaga mchana kutwa, kisha twaweka juu yake vipaji vya nyuso zetu. Kioo hiki kimetengenezwa kikanyagwe, na kikikanyagwa hakipungukiwi kitu.

Haji hakutosheka. Alitoka msikitini akavuka barabara na viatu mkononi, kwa heshima ya neema. Alipofika katikati kioo kilikuwa kimeshika moto wa mchana. Akavaa viatu haraka kuliko umri wake unavyoruhusu. Suala la fikihi likaishia hapo.

Jioni Mehrafzun alirudi kutoka mjini na uso mzito. Barabara ya sokoni, iliyotandikwa paneli kama zetu, imekufa. Vumbi limeziba kioo, malori yamekipasua, sasa wanazing'oa paneli zote. Na kampuni imeamua kuja kuikagua ya kwetu Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Saa sita mchana barabara ikishindwa kuiendesha pampu peke yake, nayo itang'olewa, lami irudishwe.

Nikamuuliza, na pampu ya zamani ya dizeli?

"Walishaichukua, Babu. Tutarudi kwenye ndoo."

Hakula pilau yake. Mimi nilikula yangu, nikamwambia mwenye njaa hashindi hoja. Akala kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Mehrafzun anashinda barabarani na mita yake. Leo alikuja mbio kunionyesha: barabara yetu inatoa umeme karibu kama siku ya kwanza. Ya sokoni ilianza kufifia wiki ileile ilipozinduliwa. Paneli ni zilezile, vumbi ni lilelile.

Hakukuwa na fumbo. Bolojuy kila mwanamke hufagia mbele ya lango lake kabla jua halijachomoza. Hunyunyiza maji, hufagia, kisha huchungulia kama jirani amefagia. Ndivyo walivyofanya mama zetu, na washenga wakija kutazama binti huanza kutazama lango. Sokoni hapana lango la mtu, kwa hiyo hapana fagio la mtu.

Mehrafzun alikuwa akicheka na machozi yanamlengalenga. "Babu, nilikaa chuo miaka yote ile nikikokotoa vumbi. Sikulikokotoa fagio la Mama."

Bibi Sanavbar, mjane wa nyumba ya mwisho huko juu, alikuwa akipita. Akasema, "Fagia basi nawe, mwanangu, washenga wakuone. Au umekwisha olewa na barabara?"

"Nimeolewa, Bibi. Na mume mwenyewe ni mrefu."

Tumefundishwa kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni sehemu ya imani. Nimelisomesha jambo hilo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Sikujua kwamba siku moja litawasha pampu. Namwomba Mungu anilinde na majivuno — lakini baada ya kuandika haya, si kabla.

Jumapili, 22 Juni

Leo saa nne pampu ilizimika. Jua kali, mbingu haina hata uzi wa wingu, na bomba kimya.

Mehrafzun alichukua mita yake, akatoka langoni aende kukagua waya na sanduku la umeme, akasimama. Mimi nikatoka nyuma yake.

Barabara nzima ilikuwa ya rangi ya machungwa.

Matunda ya aprikoti! Kuanzia darajani hadi msikitini, zimepasuliwa na kulazwa tumbo juu, safu kwa safu, kama waumini siku ya Idi. Mtu mmoja alianza: Bibi Sanavbar, ambaye paa lake la kuanikia lilivunjwa na theluji ya majira ya baridi yaliyopita. Akaona mahali pasafi, pa moto, pasipo na chembe ya mchanga. Jirani akamwona. Jirani wa jirani akamwona jirani. Hapa kwetu mtu huangalia mlango wa mwenzake kabla ya wake.

Na mbele ya lango letu? Za mkwe wangu, mama yake Mehrafzun mwenyewe. Safu zilizonyooka kuliko za wote.

Mehrafzun aliuliza taratibu, "Mama, umefunika nini?"

"Sijafunika. Nimeanika."

"Jua haliwezi kukausha aprikoti na kuzungusha pampu mahali pamoja, Mama."

"Kwani jua la Mungu limekuwa dogo?"

Nilirudi ndani ili nicheke peke yangu. Lakini jambo lenyewe si la kucheka. Aprikoti ndizo mwaka mzima wa nyumba hizi, na zikishapasuliwa hazingoji. Anayemwambia mjane aondoe zake lazima amwonyeshe pa kuziweka.

Jumatatu, 23 Juni

Niliita kikao baada ya alfajiri. Nikasema: paa la msikiti ni pana, ni tambarare, na jua linaliona kabla ya nyumba zote. Waliokosa mapaa waanike huko.

Haji Qurbonali alisimama. "Nyumba ya Mungu iwe uchaga wa matunda? Kesho mtaniambia nimfunge na punda wangu humo."

Nikasema paa halisaliwi. Mti wa kwanza wa aprikoti hapa ulipandwa uani kwa msikiti huu na mikono ya wazee wetu. Na maji tunayotawadhia yanaletwa na barabara iliyofunikwa. Achague: aprikoti ziwe juu ya vichwa vyetu, au tusali bila udhu.

Alimaliza bakuli zima la chai. Halafu akasema kwamba ngazi ya msikiti imeoza, mwanamke mzee ataanguka. Akaenda kwake, akarudi na ngazi yake mwenyewe, mpya, ya mti wa mpopla. Akamshikia Bibi Sanavbar alipokuwa akipanda, uso umegeuzwa pembeni kwa adabu, akilalamika bila kukoma.

Adhuhuri barabara ilikuwa wazi. Pampu imeitika.

Jumanne, 24 Juni

Maji mchana kutwa. Paa la msikiti linanukia asali. Wakati wa sala ya alasiri nyuki walikuwa wengi kuliko waumini.

Jumapili, 29 Juni

Upepo wa vumbi. Ulianza alfajiri na hadi sasa, baada ya magharibi, haujakata. Mlima hauonekani. Vijana wamezifunika aprikoti za paani kwa mazulia ya msikiti — yale ya zamani. Niliwaruhusu kabla Haji hajauliza, nikamkuta ameshika pembe moja ya zulia.

Pampu haikuzunguka leo. Barabara imelala chini ya vumbi kama mgonjwa chini ya blanketi.

Mehrafzun alipiga simu kampuni kuomba wasogeze ukaguzi siku moja. Wamekataa. Ameketi dirishani. Nilimwambia ujuzi wake ulikwisha kuthibitika kwangu tangu siku ile ya kwanza maji yalipofika juu. Akaniambia, "Babu, wewe si kampuni." Kweli.

Jumatatu, 30 Juni

Upepo ulikata wakati wa adhana ya alfajiri. Naandika nikiwa barazani kwa msikiti. Wakaguzi wako mbele yangu, na jua liko karibu na utosi.

Nieleze kwa mpangilio.

Baada ya sala nilisikia fagio moja, huko juu. Kisha la pili. Kisha mtaa wote, hata sauti ikawa kama mvua inayoshuka mlima. Lakini vumbi la jana lilikuwa limeshikana na umande. Fagio lililisogeza, halikuliondoa. Kioo kilibaki na ukungu. Kilitaka kuoshwa.

Na maji? Bomba halina, kwa kuwa barabara ni chafu. Barabara ni chafu, kwa kuwa bomba halina. Mfereji uko chini, umejaa tope la upepo. Yaliyokuwapo ni maji ya ndani tu, ya kunywa na kupikia, yaliyochotwa kabla ya upepo.

Mehrafzun hakumwomba mtu. Alisimama katikati ya barabara na kitambaa mkononi, akitema mate juu yake na kufuta. Mhandisi!

Bibi Sanavbar akatoka na ndoo yake iliyojaa. Mtu akamwambia, "Bibi, hayo ni ya kunywa."

"Najua ni ya nini. Niliyabeba mimi."

Akayamwaga mbele ya lango lake, akapiga magoti, akasugua. Akamaliza, akasogea mbele ya lango la Haji Qurbonali, maana Haji hana mwanamke nyumbani tangu binti zake waolewe. Haji akatoka amebeba pipa lake la udhu. Akamwambia aondoke, lango ni lake, atafagia mwenyewe, watu wasije wakawaletea washenga. Sijapata kumwona mtu yule akiwa amepiga magoti nje ya sala.

Basi wakamwaga wote. Mabirika, masufuria, mitungi. Sasa Bolojuy ya juu haina tone.

Mkaguzi mkuu, mtu mpole aitwaye Rahmatjon, alifika wakati kioo kinakauka. Alitazama magoti ya watu yaliyolowa. Akaniuliza nani aliyewaamuru. Nikasema hakuna. Akauliza, "Na pampu isipozunguka, Maalim, mtakunywa nini?"

Nilikuwa na jibu la kielimu. Sikulitoa, kwa kuwa Bibi Sanavbar alinitangulia. Alichukua ndoo yake tupu, akaiweka chini ya bomba, mdomo juu, akaketi kando yake.

Haji Qurbonali ameweka pipa lake nyuma ya ndoo hiyo. Mkwe wangu ameweka birika. Foleni imefika kwenye ngazi ya msikiti, na bado wanaleta. Mjukuu wangu amefungua sanduku la umeme, mkono uko kwenye swichi, anamtazama mkaguzi. Mkaguzi anatazama saa.

Mungu anisamehe, nimesimama wima kama kijana. Adhuhuri inaingia —