Wasichana Waliokataa Maji ya Kuchemsha

Nyeri

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na kikohozi cha Baba kimepungua? Mimi na mume wangu tu wazima, ila shuleni ninakofanya kazi ya matroni tumefikwa na jambo zito.

Kipindupindu kilianzia vijiji vya chini kikapanda hadi kwetu. Bwana afya akaja kuwafundisha wasichana: wanywe maji yaliyochemshwa, wanawe kwa sabuni. Waliyajua yote, Mama. Nyambura wa kidato cha pili, binti wa muuza viazi wa soko la Chaka, ndiye aliyewaeleza wenzake mbele ya shule nzima. Jioni ile ile nikamkuta mtoni na rafiki zake, wanakunywa kwa viganja.

"Maji ya kuchemsha iko na harufu ya moshi," mmoja akaniambia. "Hiyo ni ya watoto wa kidato cha kwanza."

Nilimtazama Nyambura. Akainamisha kichwa. Niliwagombeza, nikafunga njia ile kwa miiba. Wakapata njia nyingine.

Haukupita muda Nyambura akaanza kuharisha na kutapika. Tulimbeba hadi kwenye hema la wagonjwa, macho yamezama, vidole vimenyauka kama vya ajuza. Nilimuuliza kwa nini alikunywa maji yale ilhali alijua hatari yake.

"Ningekataa peke yangu, wangeniacha," akaninong'oneza.

Amepona, alhamdulillahi. Wenzake sasa wananawa mpaka ngozi inapasuka, wala sijawalazimisha. Lakini aliporudi bwenini, walivuta vitanda vyao mbali naye. Niliwaambia daktari amesema hana ugonjwa tena. Nikanywa kwa kikombe chake, wanaona. Wakaitikia kwa adabu, "Ndio, matroni," na hakuna aliyerudisha kitanda. Mama, nilipowataka waogope hawakuogopa, na sasa hofu yao siiwezi.

Leo asubuhi nimemkuta Nyambura anakokota kitanda chake mwenyewe kukipeleka pembeni kabisa, karibu na mlango.

"Ati wasisumbuke," akasema, bila kunitazama.

Nikashika upande wa pili, nikamsaidia kukibeba. Sikuona jingine la kufanya.

Nisalimie Baba, dada yangu mkubwa na wanawe, na mjomba fundi cherehani. Mwambie kanzu ya mume wangu imefika na imemkaa vizuri. Katika dua zako mtaje huyu mtoto wa watu, na mimi pia.

Binti yako wa huku baridini,
Mwanaisha