Mlima Unashukwa kwa Gia ya Kupandia

Kibondo,
13 Aprili, 1997.

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Heru Juu, wewe na baba, na mguu wako umeacha kuuma. Sisi huku ni wazima, mvua inatunyeshea kila siku. Ukitaka kujua hali ya moyo wangu, umejaa hadi pomoni. Nimeolewa na mtu ambaye hata akinawa mikono natamani kumtazama.

Nakumbuka ulivyosema siku ya harusi, kwamba mkwe wako ni mwema lakini lori lake hulitaki, na kwamba hutapanda lori tena tangu lile la mnadani liliporudi nyuma mlimani, ukaruka na beseni lako. Ndiyo maana nakuandikia. Mwezi uliopita Stanislaus alinichukua nimsindikize kuleta maharage kutoka Kasulu, nikamwona anavyoendesha.

Tulifika juu ya mteremko mkali, udongo mwekundu umelowa, unateleza kama sabuni. Alisimamisha lori kabisa, akaingiza gia ya pili ndipo akaanza kushuka. Nikamuuliza mbona gia ya kupandia na sisi tunashuka. Akanijibu taratibu kwamba mlima unashukwa kwa gia ile ile unayoupandia, injini ishike mzigo, breki zipumzike. Akawa anazigusa kidogo, anaachia, anazigusa tena, asije akakanyaga kwa nguvu matairi yakateleza. Mguu wake ulikuwa mpole, mama, kama anabembeleza mtoto. Ningeweza kuutungia shairi.

Nyuma yetu alikuja rafiki yake Tamimu na lori la mahindi, ametoa gia ili kuokoa dizeli, kama wafanyavyo wengi wa njia hii. Akitupita alitoa kichwa dirishani, akamuuliza mume wangu amebeba mayai au bibi harusi. Stanislaus akamjibu kwamba ni bibi harusi, mayai yangekuwa nafuu. Nilicheka hadi machozi.

Huko chini tulimkuta Tamimu lori lake limejikita kwenye ukingo wa udongo. Breki zilipata moto zikagoma, akaona heri agonge ukingo kuliko kuingia mtoni. Alikuwa mzima, magurudumu yanafuka moshi. Akashika ndoo ayamwagie maji. Mume wangu akamzuia, akisema chuma cha moto kikipata maji ya baridi kinapasuka, bora kiachwe kipoe chenyewe. Mimi ndiye niliyeweka mawe kwenye matairi.

Ule moshi ulinuka vibaya nikatapika vichakani. Tamimu akaniomba radhi kwa adabu zote, akaniita shemeji. Lakini kesho yake nilitapika tena, na moshi haukuwepo. Keshokutwa yake ilikuwa harufu ya chai. Nilipokwenda zahanati, nesi alinitazama akacheka kabla sijamaliza kueleza.

Mama, nina mimba. Stanislaus anajua, na sasa wewe. Mtoto atakuja Novemba, mvua zikiwa zimeanza na barabara ikiwa kama siku ile. Sitaki mwingine anikande maji ya moto. Nakutaka wewe.

Najua utasema si heshima kukaa bega kwa bega na mkwe. Nimeshalifikiria. Mwezi wa kumi nitakuja naye kukuchukua, nami nitakaa katikati yenu, tumbo langu liwe ukuta. Na Stanislaus ameahidi kusimama juu ya kila mteremko. Ukiogopa, utashuka kwa miguu, naye atatangulia kwa gia ya pili, kwa mwendo wako mwenyewe, beseni lako likiwa kwenye kiti.

Mpe baba salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Tamimu anakusalimu pia. Siku hizi hatoi gia.

Mwanao akupendaye,
Rosa