Ubao wa Bosi

Korogwe, Jumapili

Bado nina hasira. Bosi mpya, aliyenunua shamba la mkonge serikali ilipoliuza, leo kaleta wageni bwawani na boti ya injini. Wageni huvutwa na boti kwa kamba, wamesimama juu ya ubao majini. Walipochoka, akamwita mume wangu, Salimu, mlinzi wa bwawa.

"Na wewe jaribu."

Salimu hajui kuogelea. Wakamfunga boya, wakamvuta. Kila alipoanguka walicheka, wakamrudisha ubaoni. Nilipiga kelele ukingoni, hakuna aliyegeuka.

Jioni nilimkanda bega lililovimba, nikamwambia aache kazi hiyo.

"Wageni wamefurahi," akasema. "Bosi anataka nirudie wiki ijayo."

Kisha akauliza kama nilimwona aliposimama ubaoni.

Nikamjibu kwamba hakusimama hata mara moja. Akajifunika shuka, akageukia ukutani.