Mkono Hufunga, Spana Hufungua

Jumatatu, 3 Juni

Magari manne leo. Filta nne za oili nimezifungua mwenyewe. Kufunga, mbili tu. Mbili kanifungia Saidi, fundi mwenzangu. Aibu.

Upepo wa Dodoma umetwanga tangu asubuhi. Nimekula vumbi kuliko ugali.

Kifundo cha mkono wa kulia bado. Hogo la plasta limetoka wiki tatu zilizopita, daktari kasema mfupa umeunga. Sawa, umeunga. Nguvu haijarudi. Bodaboda aliyeniangusha yeye anapakia abiria kama kawaida, hana hata kovu.

Kufungua si tatizo. Spana ya mkanda unaizungushia filta, unavuta mpini, uzito wa mwili unasaidia. Kazi iko kwenye kufunga. Mzee Chidawali, mwenye gereji, ana sheria moja, kaiandika kwa rangi nyekundu ukutani juu ya shimo la kufanyia kazi chini ya magari: MKONO HUFUNGA, SPANA HUFUNGUA. Filta mpya unaizungusha kwa mkono mpaka mpira wake uguse injini, halafu unaongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Ukitia spana unapofunga, mpira unajikunja na oili inavuja. Ukimaliza unaandika herufi yako juu ya filta kwa makapeni, ijulikane nani kafunga. Saidi ni S. Mimi ni Y. Yuditha, miaka sita shimoni, mwanamke peke yangu.

Hiyo robo tatu ndiyo inanishinda. Vidole vinashika, kifundo kinakataa.

Jumanne, 4 Juni

Mzee kaniita kwenye duka lake la spea, mbele ya gereji. Kanipa mpaka Jumamosi. Siku hiyo nifanye magari matatu mbele yake, kufungua na kufunga, bila kuguswa na Saidi. Nikishindwa, nahamia dukani kuuza plagi na mafuta ya breki.

Kasema kwa upole, ndiyo maana nimekasirika zaidi. "Mwanangu, dukani kuna kiti." Kiti! Mimi nimeomba kiti?

Ng'o. Sikutoka Mvumi kuja kukalia kiti. Baba alitaka niwe fundi cherehani, nikakataa. Shangazi akasema fundi gari wa kike haolewi, nikaolewa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na langu limeshaunga, limelegea tu.

Jioni nimefua. Kila nguo nimeikamua kwa mkono wa kulia peke yake, mazoezi. Suruali ya jinzi ya mume wangu imenitoa machozi. Kanicheka, halafu kaniletea nyingine.

Jumatano, 5 Juni

Hapana. Leo hapana kabisa.

Filta tatu nimejaribu, zote zimelegea. Saidi kazikaza kimyakimya, kisha kaandika Y badala ya S. Huyu Msandawe wa Chemba kutwa nzima ananitania kwamba Wagogo tunajua kuchunga mbuzi tu, kumbe moyo wake ndiyo huo. Nimefuta Y zote kwa petroli nikaandika S. Nimemwambia asirudie. Kanuna.

Afadhali anune.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeula wa chuya. Naandika hapa ili kesho nisijidanganye.

Mchana kaja Mama Zuhura na pikapu yake. Ananunua alizeti Chemba na kuileta mjini. Miaka sita hajaruhusu mtu mwingine zaidi yangu aliguse gari lake. Hata Saidi hamtaki, na ni mtu wa kwao. Alikuwa na haraka, kesho alfajiri safari. Mzee yuko msibani. Saidi kafuata betri mjini. Nimebaki peke yangu.

Nikamwaga oili chafu, nikatoa filta ya zamani, nikafuta pale inapokaa. Mpaka hapo safi. Nikaweka mpya. Ikagusa. Robo tatu ikagoma. Nikajaribu tena, kifundo kikapiga kelele mpaka begani. Mama Zuhura kasimama juu ya shimo, ananipigia stori za bei ya alizeti, ananiamini.

Nikatazama ukutani. Nikaitazama spana ya mkanda. Nikafunga kwa spana.

Nilihisi mpira ukijikunja. Kiganja kinajua. Halafu nikakumbuka kwamba hata kuupaka oili mpira huo nimesahau, kwa sababu ya haraka na hofu. Injini ikawashwa, nikachungulia, pakavu. Mama Zuhura akaniombea baraka akaondoka.

Sikuandika Y. Hilo linaniuma kuliko mkono. Ningekuwa naiamini kazi yangu ningeiandika.

Ijumaa, 7 Juni

Chai nimeiacha mezani. Nikamfuata Mzee kabla hajavua koti. Shikamoo, marahaba, nikamwaga yote. Nimefunga kwa spana. Sikupaka oili. Sikuandika herufi. Nilitegemea afoke. Hakufoka. Kauliza tu gari liko wapi.

Nikapiga simu. Mama Zuhura yuko Mayamaya, kasimama anakunywa uji. Nikamwambia asiwashe gari, nakuja. Kauliza kuna nini. Nikasema nitamwambia uso kwa uso. Saidi alishachukua funguo za gari la gereji anipeleke. Mzee kamzuia. "Aliyefunga ndiye atakayefungua." Nikabeba filta mpya, galoni ya oili na ile spana, nikapanda basi la Kondoa.

Njia nzima nilijitukana.

Taa ya oili ilikuwa bado haijawaka, lakini chini ya pikapu kulikuwa na dimbwi la ukubwa wa sahani. Kijiti cha oili nikakichomoa: imeshuka chini ya alama. Angeendelea na safari, injini ingekufa kabla ya Chemba. Nikamweleza Mama Zuhura kila kitu, nimesimama mikono nyuma kama mwanafunzi. Kanitazama weee. Kisha: "Yuditha, mkono ukiuma si unasema? Mficha maradhi kilio humuumbua." Kanipa mgongo, kaenda kukaa kwenye jiwe.

Nikatandika gunia, nikaingia chini. Injini ya moto. Filta imelowa oili, mkanda wa spana unateleza. Tena imekazwa na mjinga, na mjinga mwenyewe ndiye yuko chini anahangaika. Nikapaka vumbi, bado. Jirani na mama uji kuna fundi baiskeli. Nikamwomba kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Nikakizungusha kwenye filta, mkanda ukaja juu yake. Ukang'ata. Mpini nikausukuma kwa bega, siyo kwa kifundo. Mara ya kwanza hapana. Mara ya pili hapana. Mara ya tatu ikaachia, oili ya moto ikanimwagikia mpaka kwapani. Nilipiga yowe, watu wakacheka. Mpira wa filta ulikuwa umejikunja upande mmoja na kupasuka.

Sasa kufunga. Nikapaka oili mpira wa filta mpya kwa kidole. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe, kama ulivyozoea. Ikagusa. Ikagoma. Nikalala pale nikitazama chuma, nikataka kulia.

Halafu nikajiuliza, huu wa kushoto una kosa gani?

Nimekuwa mpumbavu wiki tatu nzima. Nyumbani tulichapwa tukipokea kitu kwa kushoto. Mkono wa kushoto hauli, hausalimii, haumpi mtu kitu. Hata spana nampa Saidi kwa kulia, na hogo lilipokuwepo nilikuwa namwekea chini aokote mwenyewe, nisimvunjie heshima. Haikunijia kabisa kwamba mkono huo unaweza kufanya kazi. Kwani filta ni mkwe wangu?

Nikazungushia kile kipande cha mpira kisiteleze, nikashika kwa kushoto. Robo. Vidole vigeni, havijui njia. Nusu. Nikapumua. Robo tatu. Nikaijaribu kwa nguvu zote, haikusogea. Nikaandika Y kubwa mpaka makapeni ikakwaruza.

Tukajaza oili, tukawasha, nikatandaza boksi chini. Dakika kumi. Boksi kavu. Mama Zuhura kainama kuliangalia mwenyewe, kalipapasa kwa kiganja. Kaingia kwenye gari, kashusha kioo. "Siku nyingine niambie, nitakaa nisubiri. Sina haraka ya kufa." Kaondoka kuelekea Chemba. Hakuniombea baraka leo. Sawa. Nimestahili.

Jumamosi, 8 Juni

Magari matatu. Mzee kasimama juu ya shimo mikono nyuma. Saidi kaambiwa akae mbali.

La kwanza, mkono wa kushoto uliteleza, nikachubua vidole viwili. Damu, tambara, endelea. La pili sawa. La tatu lilikuwa na filta iliyofungwa gereji nyingine, imekazwa balaa, nimepigana nayo mpaka jasho likaingia machoni. Mtu kapendekeza tuitoboe kwa bisibisi tuizungushe. Nikamwambia asogee. Mpira, mkanda, bega. Ikatoka.

Mzee kamtuma Saidi ashuke azijaribu zote tatu kwa mkono wake. Saidi kazishika moja moja, uso mkavu kama hakimu, kisha kasema huyu Mgogo kazifunga kweli, zimeshika.

Mzee kasema nabaki shimoni. Kasema pia mkono mbovu hauna kesi, kumficha mteja ndiyo kesi, kwa hiyo mwezi mzima nitaosha shimo peke yangu. Nikasema asante Mzee.

Mwezi mzima! Nitaliosha mpaka mtu aweze kulia ugali humo.

Nimempigia Mama Zuhura. Gari zima, alizeti imepatikana. Sauti yake bado ya baridi kidogo. Nitangoja.

Jumatatu, 10 Juni

Nimewahi kazini kuosha shimo. Baridi, mji kimya, hata mama chapati bado.

Gari la Mzee lilikuwa juu ya shimo. Mwenyewe yuko chini na filta mpya mkononi. Nikasalimia, kaitikia bila kugeuka. Kawaida nisingekaa kumtazama, lakini nilikuwa na ndoo, sikuwa na pa kwenda.

Alijaribu kwa kulia. Akapumzika. Akajaribu tena. Vidole havikukunjika vizuri, viungo vimevimba. Nikawaza ni lini mara ya mwisho nimemwona Mzee akifunga filta. Sikukumbuka. Mwaka? Miaka miwili? Sisi tulidhani ni ukubwa, bosi hashuki shimoni.

Akashusha mkono. Akasema, macho yakiwa kwenye injini, "Yuditha, hebu nionyeshe ule wa kushoto."

Nikaweka ndoo chini, nikashuka. Sikumfungia. Nilimzungushia mpira, nikaviweka vidole vyake mahali pake, nikamwambia apumue kwenye nusu. Ilichukua muda. Mara mbili aliacha, mara mbili akarudia. Ikashika.

Tulipanda juu. Yeye akaenda kufungua duka, mimi nikamwaga maji. Saidi alipofika alikuta nasugua, akauliza kama kuna chai.