Chini ya Manyoya

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na cherehani haijambo. Mimi mzima, ila mikono inanuka zizi hata nikioga.

Uliniuliza alpaka ni mnyama gani. Ni ndugu mdogo wa ngamia: shingo ndefu, hana nundu, manyoya mpaka machoni. Mwaka jana majike hawakushika mimba hata mmoja. Daktari wa mifugo alisema ni unene, tuliwajaza pumba kupita kiasi. Basi bosi kafuta pumba kabisa, kawahamishia uwanja wa chini wale majani tu. Na juzi, dume aliporudishwa kwao baada ya kuwapanda, wote wakamtemea mate usoni! Hapa kazini hiyo ndiyo habari njema, maana jike mwenye mimba hataki hata kumwona dume. Wakizaa, bosi kaniahidi likizo nije nyumbani. Wanabeba karibu mwaka mzima, kwa hiyo nivumilie.

Mwanao,
Kifungo

19 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Mimi sijambo, cherehani ndiyo inayokohoa. Sweta la manyoya ulilonitumia limefika. Nimelivaa siku hiyo hiyo na sijalivua. Habari ya mate imenichekesha peke yangu kama mwendawazimu. Marehemu mama yako angeisikia, ningetemewa kila siku.

Kazi ipo ipo tu. Juzi nimepunguza kiuno cha suruali zangu, maana fundi akikosa wateja hujishonea mwenyewe. Usihangaike na chakula changu, jioni chai inanitosha. Hao watoto wa alpaka nawasubiri kuliko wewe, kwa sababu ndio watakaokuleta.

Baba yako,
Fundi

7 Septemba

Baba,

Shikamoo. Waendeleaje? Mimi buheri wa afya.

Ungewaona! Wamefura kama mito ya kochi. Bosi amekataza wasinyolewe msimu huu, mkasi usije ukawashtua wakaharibu mimba. Kila anayepita getini anasema, “Hawa wameshiba!” Nami natembea kifua mbele kana kwamba nimebeba mimi. Nimeanza kufikiria zawadi. Niambie shati nikuletee namba gani?

Mwanao,
Kifungo

25 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Hapa kwema, sina neno.

Shati usinunue kubwa. Suruali nazo nimezipunguza tena. Jua ni kali lakini sweta silivui, na majirani wananitania eti nimenenepa uzeeni. Waache waseme. Hao mama alpaka wanakaribia kuzaa lini?

Baba yako,
Fundi

11 Februari

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Siku za kuzaa zilifika zikapita, kimya. Leo asubuhi daktari kaja na chombo chake cha kupima matumbo. Hakuna mimba. Hata moja, Baba! Bosi akang'aka, “Hawa walivyonona?” Daktari aliushika mkono wangu, akauzamisha kwenye manyoya ya mgongo wa jike mkubwa, akanikandamiza vidole. Nilipiga kelele. Uti wa mgongo ulikuwa umechomoza kama meno ya msumeno.

Tukawanyoa. Manyoya yalianguka, ikabaki mifupa yenye macho. Tumewashindisha njaa huku tunawasifia unene! Majani ya uwanja wa chini ni marefu lakini makavu, hayana kitu ndani. Daktari anasema huenda mimba ziliingia kweli, ila mwili usio na akiba hauwezi kubeba wawili, zikatoka mapema bila mtu kujua. Anasema alpaka hapimwi kwa macho, anapimwa kwa kiganja. Hakuna aliyegusa. Mimi ninayewapa maji kila siku, sikugusa.

Likizo imekufa. Nisamehe, Baba.

Kifungo

24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Usilie. Wako hai, walishe polepole, watabeba tu. Mimi sijambo kabisa, usijiongezee mzigo wa kunifikiria. Nitasubiri mwaka mwingine, nina haraka gani?

Ngoja nikuchekeshe. Suruali yangu ya kahawia nimeipunguza mpaka mifuko ya nyuma imegusana. Nikitia mikono, inasalimiana. Fundi wa namna hii utampata wapi?

Baba yako,
Fundi

5 Machi

Baba,

Nimefika hapo kwenye mifuko, nikakaa chini sakafuni ghalani. Nimezitoa barua zako zote. Suruali, suruali, suruali. Chai jioni. Shati dogo. Sweta juani. Na majirani wanasema umenenepa! Mwaka mzima unaniandikia kwamba hujambo, nami naamini, nafurahi, nakunja barua naweka.

Nimemwambia bosi naondoka, kuwe na likizo kusiwe na likizo. Amefoka, nimemwacha anafoka. Barua hii inatangulia na basi la leo. Mimi nimepata nafasi kwenye la kesho.

Usinijibu. Usifagie, usiniandalie chochote, na usiniambie kwamba hujambo. Ukisikia hodi, fungua mlango, vua hilo sweta, unigeuzie mgongo. Shikamoo nitakupa baadaye, mkono wangu ukishagusa.

Mwanao