Wajane Niliowafuta kwa Kidole Kimoja

Papa wangu,

Huko uliko sidhani kama kuna ordinateur, hiyo kompyuta, basi nitakueleza polepole. Inafanana na taipureta yako ya ushirika wa kahawa, ila hii inatii hata upumbavu.

Unakumbuka serikali ilipokataza majina ya ubatizo? Wewe, Gaspard, ukaamka Chikuru. Wenzako waliwabunia wakulima majina mapya wakiwa wamekaa ofisini. Wewe ulitembea hadi kijijini Mudaka, ukiuliza mlango kwa mlango: "Maman, tukuite nani sasa?" Ukalipiga jina jipya kwa taipureta, ndani ya mabano kando ya lile la zamani. Niliposhangaa uliniambia, "Jina ya mutu, ni yeye mwenyewe anaisema."

Sasa majina ya ubatizo yameruhusiwa. Mkubwa wangu wa kazi hapo ushirika akataka mabano yaondoke kabla ya kikao cha Ijumaa cha kugawa upya mashamba. Nilijifundisha kwa kitabu kisicho na jalada: unaiambia mashine itafute bano la kufungua, chochote kilichomo, hadi bano la kufunga, mahali pake iweke hewa. Kidole kimoja tu, orodha nzima ikasafika kabla sijapiga chafya. Nikahifadhi, nikajipongeza. Karatasi zako, nilipokwisha kuzinakili kwenye mashine, nilishampa maman awashie moto wa makala jikoni.

Nilisahau kwamba wajane uliwaandikia waume zao humo humo ndani ya mabano. Nami niliufuata mtindo wako tulipotoka kukuzika, nikamwandika maman: Nabintu (mjane wa Chikuru).

Maman akaishika orodha. "Juu ya nini niko peke yangu hapa? Papa yako iko wapi?"

"Mashini ilimufuta, maman."

"Mashini haikumujua. Weye ulimujua."

Unawajua mashemeji, Papa. Jina la marehemu likikosekana, shamba la mjane linapata wenyewe watano kabla ya chai.

Mkubwa anasema mashine itapata njia. Mashine haina miguu. Leo Jumanne nimeanza Mudaka na penseli, mlango kwa mlango. Wajane ni arobaini na watatu. Nimefika kumi na tisa. Shemeji mmoja alinifuata: "Andika mimi, dada, tumalize." Nikamwambia penseli hii inaandika marehemu tu, kama ana haraka asubiri zamu yake.

Ijumaa kikaoni nitasoma majina yote kwa sauti, hata mkubwa akikunja uso.

Pumzika, Papa. Jina lako ndilo lililorudi la kwanza. Maman alilisema mwenyewe, herufi kwa herufi, nami nikafunga bano.

Binti yako, uliyemfundisha kupiga mashine