Geji ya Hali, Geji ya Hari

Fundi Hamisi,

Kwanza unisamehe kwa suti. Nilipoambiwa umetuacha, nilifanya kama tunavyofanya sisi huku Gitothua. Kesho yake nilipiga suti pasi, nikabeba daftari la majina ya kamati ya mazishi, nikaja kwako Thika nikijua tutakutana jioni kila siku na utazikwa wiki ijayo. Mkeo alinitazama, akalitazama daftari. "Njoroge, tulimzika jana kabla ya alasiri." Nikabaki mlangoni kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi bibi harusi akiwa na watoto wawili. Akanipa chai hata hivyo.

Basi sikukuaga. Ndiyo maana naandika.

Ile pikapu yangu kuukuu ilingoja uondoke ndipo inionyeshe madharau. Nikitoka sokoni na ndizi, mshale wa geji ulipanda hadi kwenye nyekundu ukakataa kushuka. Nikazima, nikavutwa na kamba hadi nyumbani. Fundi mmoja wa Kiuu aliangalia geji, hata boneti hakufungua, akasema injini imeungua, uza. Mnunuzi wa vyuma wa Witeithie akasema atakuja Jumamosi. Unanijua, bila pikapu mimi si mfanyabiashara. Ni mtu tu mwenye ndizi nyingi na watoto wanne.

Ijumaa nikakukumbuka. Siku ile ya kwanza nilikuja nikakwambia, "Fundi, geji ya hali imeharibika." Ulicheka mpaka ukaweka spana chini. "Geji ya hali hatuna, bwana. Ya hari, ya joto, hiyo tunayo. Hali utaniambia mwenyewe." Sisi r na l zetu huchanganyika kama viatu mlangoni pa msikiti. Tangu hapo nikawa nakusalimia makusudi, "Hari yako?" nawe unajibu, "Iko nusu." Mara ya mwisho ulikuwa kitandani na homa. Aki sikukusudia, ulimi ulinitoroka tu: "Hari yako?" Nikaona aibu. Ukafungua jicho moja: "Leo umepatia, Njoroge. Iko juu."

Hakuna siku uliyofungua injini kabla ya kuihoji geji. "Usimtibu mgonjwa kabla hujamuuliza aliyeleta habari." Na kila mara ulinipa ile waya ya geji mkononi. "Shika wewe. Mimi sitakuwa hapa kila siku." Nilidhani unaenda kula.

Basi nikafungua boneti injini ikiwa baridi. Maji yamejaa, hata tone halijapungua. Nikachomoa waya kwenye kile kidude cha kupima joto, nikafungua swichi bila kuwasha injini. Kwa somo lako, waya ikichomolewa mshale lazima uanguke. Haukuanguka, ulibaki kwenye nyekundu. Fundi, nilisimama pale nikaiambia geji kwa sauti, "Kumbe ni wewe mwongo!" Jirani akadhani namwambia yeye.

Nikaifuata waya kwa vidole, macho nimefunga kama wewe. Pale inapopenya bati la nyuma ya injini, raba yake ilikuwa imelika na shaba inagusa bodi. Hilo tu ndilo lililodanganya geji; injini ilikuwa nzima. Nikaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli na tepu. Mshale ukalala kama mzee wa kanisa kwenye mahubiri. Nikarudisha waya mahali pake, nikawasha. Ukapanda polepole, ukafika nusu, ukatulia.

Hapo nikalia. Mke wangu akachungulia dirishani: "Woi, imeharibika kiasi hicho?" Nikamwambia hapana, imepona. Akaniangalia sana.

Mnunuzi alikuja Jumamosi na mizani yake. Nikampa chai na ndizi mbili, akaenda zake. Ndizi zangu zimerudi barabarani. Ningekuwa na mtu mwingine wa kunifundisha, labda angenifundisha kulipa tu. Wewe ulinipa waya nishike. Asante, fundi. Neno hili nililiweka miaka yote nikidhani liko salama mfukoni.

Kila Alhamisi nikienda Thika nitapitia makaburi yenu. Dua zenu sizijui, na sitajifanya. Nitasimamisha pikapu kando ya ukuta, niache injini ingurume kidogo, uisikilize mwenyewe.

Kwaheri, rafiki yangu.

Njoroge